Kwa Nini Mama Yako Alimtoa Halua

Mwanangu Kadzo,

Nakuandikia nawe uko hapo uani, ukuta mmoja tu baina yetu. Nakusikia ukicheka na mama yako huku mkikunja nguo. Mambo ya basi, ya sweta, ya kuweka nauli mbali na pesa nyingine, amekwisha kukueleza yote, na kesho asubuhi atakueleza tena. Mimi sina la kuongeza hapo. Lakini liko jambo moja ambalo lazima nilieleze mimi, maana mwenyewe hatalisema kamwe, na nisipoliandika leo utafika huko chuoni ukiwa bado umembebea mama yako kinyongo asichostahili.

Ni habari ya Halua.

Uliporudi likizo ile kutoka shule ya bweni ukakuta mahali pake bandani pamefungwa ng'ombe mwingine, uliuliza mara moja tu. Mama yako akakujibu, "Ameuzwa," akaendelea kupepeta mchele. Hukumuuliza tena. Likizo nzima ulimwitikia kwa "ndiyo" na "la" peke yake. Nilikuelewa. Wewe ndiwe uliyemnywesha Halua maziwa kwa ndoo alipokuwa ndama, na wewe ndiwe uliyempa jina, kwa ile rangi yake ya halua iliyokolea moto. Nilitaka kukueleza siku hiyo hiyo, mama yako akanikataza.

"Ana mtihani mbele yake," aliniambia. "Akinichukia kidogo hatafeli. Akianza kunihurumia hatasoma."

Sasa mtihani umeupita, na kesho unakwenda bara kusomea tiba ya mifugo. Naona siri hiyo imekwisha kazi yake.

Wajua jinsi akina mama wa hapa Jilore walivyoanza. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa kienyeji, wakaona bora wachache wanaolishwa nyumbani kuliko wengi wanaokufa malishoni. Wakajenga banda moja la makuti lenye sakafu ya saruji, kila mmoja akafunga humo ng'ombe wake wa gredi, chotara wa maziwa, wakamchagua mama yako kuwa mwenyekiti. Hoteli moja ya Watamu ikakubali kuchukua maziwa yao, na gari lake likawa linawangoja njia panda kila asubuhi. Mimi wakati huo nilikuwa Marereni kwenye mashamba ya chumvi, narudi nyumbani mwisho wa wiki na miguu iliyopasuka.

Huenda hukuwahi kumtazama mama yako akikamua kwa jicho la mgeni. Mimi nilimtazama hivyo. Alikuwa hakai mara mbili kwenye kigoda. Akishakaa, ng'ombe hutulia, na maziwa hushuka ndooni kwa sauti moja mpaka mwisho, bila kukatika. Wanawake wenzake walipokuwa na ng'ombe mkaidi walimwita yeye. Mwishowe ikawa kila alfajiri anakamua karibu banda zima. Alianza na Halua, kwa heshima, kwa kuwa hakuna aliyejaza ndoo kama yeye, kisha akashuka kwa wengine mmoja mmoja, na kitambaa kile kile cha kuoshea viwele begani, na mkebe ule ule wa mafuta ya kulainisha chuchu mkononi.

Jumamosi moja nilirudi, mama yako akaniwekea chai. Nikanywa nikaona ina chumvi. Nikadhani ni midomo yangu, kwani mtu wa Marereni huila chumvi hata usingizini. Nikaendelea kunywa. Yeye akaonja yake, akakitua kikombe.

"Baba Kadzo, chai hii waionaje?"

"Ina chumvi kidogo."

"Basi si mimi peke yangu," akasema. "Ni maziwa ya Halua. Vaa mabuti yako unifuate."

Sikuelewa mabuti ya nini mpaka tulipofika bandani. Aliniambia niweke mguu chini ya Halua, akamkamua juu ya buti langu jeusi la mpira, tone moja moja, kila chuchu kwa zamu yake. Chuchu tatu zilitoa maziwa safi. Ya nyuma kushoto ilitoa maziwa yenye chembechembe, kama mtindi uliovunjika. Pale juu ya mpira mweusi zilionekana waziwazi. Akakishika kiwele upande ule, akaniambia nami nishike. Kilikuwa na moto.

Jumatatu alikwenda Malindi kwa daktari wa mifugo, Bwana Musyoka, yule Mkamba mrefu ambaye baadaye ulimzoea. Alimpa dawa ya penisilini iliyo ndani ya vijibomba vyenye ncha nyembamba, akamfundisha kukamua chuchu mpaka iwe tupu, kuifuta kwa spiriti, kisha kuisukuma dawa ndani. Akamwonya kwamba maziwa ya Halua yasiuzwe wala kunywewa mpaka dawa iishe mwilini. Mama yako akafuata kila neno. Zile chembechembe zikapotea, kiwele kikapoa. Ikawa furaha. Akina mama walimwimbia Halua bandani, nami niliona mwanamke mzima, mama yake Kache, akicheza ngoma na ndoo kichwani.

Mama Kache unamjua, ndiye rafiki wa mama yako tangu wakiwa wasichana. Ng'ombe wake alifungwa pembeni mwa Halua. Haukupita muda mrefu naye akaanza kutoa maziwa yenye chembe. Kisha Halua akarudiwa. Kisha mwingine, na mwingine. Mpishi wa hoteli akatuma neno kwamba maziwa yanaganda yakichemshwa, na kwamba yakija hivyo tena, gari halitasimama.

Ndipo Bwana Musyoka alipokuja mwenyewe na kile kisahani chake chenye vikombe vinne. Akakamua kidogo kutoka kila chuchu, akatia dawa yake, akakizungusha. Maziwa ya ng'ombe mzima yalibaki majimaji. Ya mgonjwa yaligeuka mlenda mbele ya macho yao. Ng'ombe waliotoa mlenda walikuwa wengi kuliko akina mama walivyodhani, hata wengine ambao maziwa yao yalionekana meupe na safi. Akachukua vichupa akavipeleka maabara, na majibu yalipofika akawakusanya wote bandani. Ilikuwa siku ya mapumziko yangu, nami nilisimama mlangoni.

"Akina mama," alisema, "vijidudu vinavyoingia kwenye kiwele si vya aina moja. Viko vya kwenye tope na kinyesi. Hivyo huja kwa ghafla, ng'ombe akapata homa kali, mara nyingine akafa. Dawa yake ni usafi wa anapolala. Viko vingine vinavyoishi ndani ya kiwele chenyewe, navyo hupita kutoka ng'ombe hadi ng'ombe wakati wa kukamua. Hivyo penisilini huviua vizuri. Lakini hivi vyenu si hivyo. Hivi vyenu hukaa kwenye ngozi, kwenye vidonda vya chuchu, hata kwenye nyufa za vidole vya mkamuaji. Vikiingia kiwele vinajichimbia ndani, nyama ikaota kovu kuvizunguka. Dawa inapita nje ya kovu, haiingii. Wewe unaona maziwa yamesafika, kumbe vimejificha tu vinangoja."

"Na hao waliougua juzi?" mtu akauliza.

"Waliougua juzi nitawatibu kwa dawa nyingine, na wengi watapona, maana kovu bado. Wengine tutawatia dawa wakiacha kukamuliwa kabla ya kuzaa. Hapo hupona vizuri zaidi."

Mama Kache akauliza lile ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni. "Daktari, vilianza kwa nani? Vilipitaje?"

Bwana Musyoka akatazama kile kisahani chake. Alikuwa kijana mwenye adabu, naye alikuwa amekaribishwa uji na mwenyekiti. Nikaona hajui aanzie wapi.

Mama yako akasimama. Akanyoosha mikono yake mbele yao wote, viganja juu. Ilikuwa na nyufa penye vifundo vya vidole, za maji na sabuni ya kila alfajiri.

"Vilianza kwa Halua," alisema, "vikapita hapa."

Kadzo, hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumlaumu. Angeweza kukaa kimya, daktari angesema maneno mawili matatu ya kupitia mbali, na watu wangerudi nyumbani wakilaumu inzi. Yeye alisimama na mikono ile ile waliyokuwa wakiisifu.

Akamgeukia daktari. "Na Halua?"

"Mama, huyo nimekishika kiwele chake. Upande ule umekuwa mgumu kama muhogo mbichi, na sasa umeingia na wa pili. Nikimtibu tena nitakudanganya. Akikaa humu, kila utakayemponya atamrudishia ugonjwa. Huyo ni wa kutolewa kundini."

Zogo lilitokea hapo. Na aliyemtetea Halua kwa sauti kuliko wote ni Mama Kache, ambaye ng'ombe wake mwenyewe alikuwa ameambukizwa. Alilia kabisa. "Ng'ombe huyu ndiye aliyefanya hoteli ituamini! Mpe dawa mara moja tena, daktari. Mara moja tu!"

"Ni kweli alitufanya tuaminike," mama yako alimwambia, akimshika bega. "Na ndiye atakayetufanya tusiaminike. Mimi ndiye mwenyewe, nami nasema atoke."

Ungedhani mambo yakaisha hapo. Lakini neno lilitembea kwamba ng'ombe maarufu wa Jilore anauzwa, na Jumapili iliyofuata akaja Mzee Athmani kutoka Malindi, yule mwenye minazi mingi upande wa Ganda. Alitaka ng'ombe mmoja mzuri wa maziwa kwa ajili ya wajukuu. Nikampokea, nikamkatia dafu, tukaenda naye kumtazama Halua. Kwa macho alikuwa bado malkia. Manyoya yanang'aa, mgongo umenyooka, na chuchu mbili zilizobaki nzima zilitoa maziwa kupita ng'ombe wengi wenye nne. Mzee akamzunguka, akatabasamu, akataja bei ambayo hakuna bucha angeifikia.

Nilimvuta mama yako kando. "Mwache amchukue," nikamnong'oneza. "Hajauliza lolote. Na huko kwake hatachinjwa, ataishi."

Hilo la mwisho ndilo lililomgusa, nililiona usoni. Kama angemruhusu kwenda na Mzee, wewe ungerudi ukaambiwa Halua yuko Malindi, ukamtembelea. Alisimama kidogo akimtazama ng'ombe wake. Kisha akamwendea mgeni, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo tena, Mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Una ng'ombe wengine nyumbani?"

"Ninao wanne, wa kienyeji na machotara. Wana hali nzuri, alhamdulillahi."

"Basi nakuomba usimchukue huyu. Ana ugonjwa wa kiwele usiopona. Utamfunga pamoja na wako, mkamuaji wako atawashika wote kwa mkono mmoja, na wote wataupata. Huyu namngoja mwenye bucha."

Mzee Athmani alichora mchanga kwa fimbo yake. "Wajua kwamba mimi nisingetambua?"

"Najua, Mzee."

"Basi mbona waniambia?"

"Wewe ungetambua baadaye," mama yako akasema. "Mimi ningekuwa najua tangu leo."

Mzee akaondoa kofia, akajipangusa kichwa, akacheka kidogo kicheko cha mtu aliyeguswa. Akamalizia dafu lake. Alipokuwa akiaga hakuniaga mimi kwanza, alimuaga yeye. Na baada ya siku chache alimtuma mkamuaji wake kuja kujifunza bandani kwetu jinsi ya kupima maziwa kabla ya kukamua.

Mimi usiku ule sikuwa na raha, na nilimwambia. Nilimwuliza anataka kutupeleka wapi na ukweli wake huo. Hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Wale wanne wana wenyewe pia. Kuna mtoto mahali anayewapa majina."

Halua hakuondoka mara moja. Daktari alisema nyama yake isiliwe mpaka dawa aliyopewa imtoke mwilini. Basi mama yako akamhamishia chini ya mkorosho, mbali na banda, akawa anamhudumia peke yake baada ya kazi zote. Alimkatia matete mabichi, akamwekea mashudu ya nazi, akamkamua ili asiumie, na yale maziwa akayamwaga shimoni, hata ndama hakupewa. Kisha alijisugua mikono mpaka viwiko. Kuna watu walimcheka, kumlisha vizuri namna ile ng'ombe wa kuchinjwa. Aliwaacha wacheke.

Siku gari la bucha lilipokuja, vijana wawili walishuka na kamba na mijeledi. Aliwaambia warudi garini. Akamfungua mwenyewe, akamwita jina, na Halua akamfuata mpaka juu ya ubao wa kupandia kana kwamba anakwenda malishoni. Mama yako alishuka, akafunga mlango wa gari, akampa dereva salamu ampelekee mkewe. Halafu akaja moja kwa moja bandani na sufuria kubwa.

Alichoma vitambaa vyote vya zamani, akachemsha vipya akawagawia wenzake, kila ng'ombe na chake. Ule mkebe wa mafuta aliufukia. Wazima wakaanza kukamuliwa kwanza, wagonjwa mwisho. Kila chuchu baada ya kukamuliwa ikachovywa kwenye dawa ya iodini. Hayo utayasoma kwa urefu huko uendako, nami sitaki kumfundisha daktari kazi yake. Lililo langu kukuambia ni kwamba, kwa kuwa daktari alisema vile vijidudu hupenda nyufa za vidole, mama yako aliacha kukamua. Mkamuaji aliyeitwa na kila mtu alikaa nje ya banda lake akishika ndoo na kuwapitishia wengine maji, mpaka ngozi ya mikono yake ikaziba. Wengine walikuwa wakijifunza, wanamwaga, wanakamua nusu, ng'ombe wanawapiga mateke. Alikuwa akiwaelekeza kwa mdomo tu, mikono nyuma ya mgongo. Nadhani hilo lilimgharimu kuliko Halua.

Alikwenda pia Watamu, akamweleza yule mpishi uso kwa uso kwamba kwa muda maziwa yatakuwa machache, lakini yatakayokuja yatakuwa mazuri. Mpishi alinung'unika, gari likaendelea kusimama.

Ng'ombe wa Mama Kache alipona kabisa. Wengine walipona walipozaa tena. Mmoja alipoteza chuchu moja, akabaki akitoa maziwa kwa tatu. Daktari alipokuja tena na kisahani chake, hakupata mlenda hata kikombe kimoja. Wakati huo wewe uko shuleni, ukidhani mama yako ni mtu aliyeuza ng'ombe wako bila hata kukuuliza.

Sasa nakuja kwako.

Tangu umalize shule umekuwa ukimfuata Bwana Musyoka kila anapokuja, na akina mama wamekuachia kazi ya kupima. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa nje ya banda nikinoa panga. Ulifika kwa ng'ombe wa Mama Kache, ukazungusha kisahani, ukakitazama mara mbili. Ukasema kwa upole, "Mama Kache, maziwa ya huyu leo yasiende, na kuanzia kesho akamuliwe mwisho."

Mama Kache akawaka. Alikuwa na ndoo imejaa, na gari linangoja njia panda. "Mtoto uliyebebwa mgongoni mwangu! Wewe ndiwe wa kuniambia maziwa yangu yasiende?"

Uliinama mbele yake. "Shikamoo mara ya pili, Mama Kache. Lakini maziwa hayaendi."

Banda lote likamgeukia mama yako, maana yule ni rafiki yake na wewe ni binti yake. Mama yako aliichukua ile ndoo, akaiweka kando ya ukuta, akaendelea na kazi. Na Mama Kache, baada ya kukutazama vizuri, akakisogelea kile kisahani umwonyeshe.

Jioni ile mama yako alikuja akakaa karibu nami, jambo asilolifanya sana kabla ya kazi kwisha.

"Ulimsikia?" akaniuliza.

"Nilimsikia."

"Hakupandisha sauti."

"Hakupandisha."

Akatazama njia mliyokuwa mkirudia kutoka kuteka maji, wewe na wenzako. Kisha akasema, "Nikija kuugua mimi, nisiambiwe na mtu mwingine. Aniambie yeye."

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue kabla hujapanda basi. Sikuombi umtake radhi, kwa kuwa yeye haoni kama ipo ya kutakwa. Ila ukifika huko, barua ya kwanza iandike kwake, si kwangu. Mwandikie habari za ng'ombe wa huko na magonjwa yao, usimpunguzie. Kusoma hajui, nitamsomea mimi, neno kwa neno, na mahali utakaponisema mimi nitasoma vilevile.

Nenda salama, daktari wetu.

Baba yako,
Kazungu